Chumba cha bei nzuri karibu ya ziwa, na kichwa kinachouma kila asubuhi

"Prof, mi niko etidia ya L1, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nilitoka Butembo mwaka huu, napanga chumba huku Goma, Kyeshero, si mbali na ziwa Kivu. Chumba iko bei nzuri juu iko chini kidogo ya barabara, unashuka ngazi tatu njo unaingia. Siku ya posho (jumamosi) nyuma ya TP (mazoezi) promo yetu yote inaendaka kuoga ku ziwa, mi sijue kuoga muzuri, nabakiaka pembeni nachunga manguo. Sasa mama aliona video ya ile ziwa ya Kameruni yenye iliua batu usiku, banamuambia kama Kivu njo itafuata, anataka nirudie Butembo nianze masomo kule. Bengine banasema gesi ya ziwa njo inakamata batu miguu inabavuta chini. Ni kweli? Nibakie ao niende? Halafu kitu ya mwisho, haina maana sana, kila asubui naamkaka kichwa inauma mpaka saa ine halafu inaisha yenyewe, sijue ni juu ya kusoma usiku."

Mudogo wangu, swali lako umelianzia mwisho. Kile ulichosema hakina maana sana, kile cha kichwa cha asubuhi, njo nitajibu kwanza, na hata kabla hujamaliza kusoma hapa nakuomba kitu kimoja: leo usilale mule ndani. Beba shuka yako uende kwa mwenzako wa promo anayekaa fasi ya juu, mwambie nimekutuma mimi. Ziwa tutalizungumza, na mama tutamjibu, lakini chumba kwanza.

Sikutishi bure. Umeniandikia vitu tatu bila kuviunganisha: chumba kinashuka chini ya barabara, kiko upande wa magharibi wa Goma, na kichwa kinauma ukiamka halafu kinaisha saa nne, wakati umeshatoka nje. Kusoma usiku kunachosha, sikatai, nimefundisha miaka mingi najua macho ya wanafunzi wakati wa sesio yanavyokuwa. Lakini kichwa cha usingizi mdogo mara nyingi kinakufuata mpaka kwenye oditoriamu na kinazidi mchana. Kichwa kinachokuachia kila siku saa zilezile ukishavuta hewa ya nje, mimi nakiuliza kwanza ulilala na hewa gani.

Kuna gesi mbili za kushuku, na watu wanazichanganya kila siku. Moja unaiingiza mwenyewe, nyingine inatoka chini ya udongo.

Ile ya kwanza ni ya makala. Hukunielezea unapikia wapi ila najua maisha ya kupanga, mvua ikianza mbabula (jiko la makala) inaingia ndani, maharagi yanachemka masaa, nyuma unaacha makala mekundu pale pembeni juu yanatoa joto nzuri na wewe uko unasoma silabisi, dirisha umefunga juu ya mbu na wezi. Watu wanaogopa moshi. Makala yakishashika vizuri hayana moshi tena, na hapo njo mtu anajiambia sasa ni salama, kumbe saa ile makala yanawaka bila hewa ya kutosha na yanatoa gesi inayoitwa CO, haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Inaingia kwenye damu na kukaa fasi ya oksijeni, na damu yetu inaishika CO kwa nguvu inayopita mara 200 ile inayoshikia oksijeni. Unavuta hewa kama kawaida, kifua kinapanda kinashuka, lakini ubongo haupati kitu. Ikiwa kidogo unaamka na kichwa na kichefuchefu, ikiwa mingi huamki. Kila msimu wa baridi na mvua tunasikia nyumba fulani waliokotwa asubuhi familia nzima, na majirani wanaanza kutafuta mchawi.

Ya pili ni CO2, gesi ya kaboni, na hii ndiyo mazuku ambayo mtu wa Goma analijua jina lake tangu mtoto. Chini yetu kuna moto wa volkano zetu mbili, Nyiragongo na Nyamulagira, gesi inapanda kwenye nyufa za mawe ya lava, na kwa sababu CO2 ni nzito mara moja na nusu kupita hewa, ikishatoka haipandi, inatambaa na kujaza mashimo. Usiku hakuna upepo, udongo umepoa, inatulia. Jua likishapanda na upepo wa ziwa ukianza, inachanganyika na hewa na kupotea, njo maana ukienda kuangalia saa sita utasema hapa hakuna kitu. Hewa ya kawaida iko na CO2 kama 0.04% hivi. Ikifika 3 ao 4% kichwa kinauma na unahema haraka, ikipita 10% unaanguka ndani ya dakika chache, na kwenye mashimo mabaya kabisa inafika kiwango ambacho pumzi chache tu zinatosha. Upande wa Bulengo, Mugunga, Lac Vert mpaka kwenda Sake, fasi hizo ziko nyingi na baadhi zimewekewa alama. Zingine hazina alama kwa sababu mtu amejenga juu yake.

Na hapa niseme kitu kuhusu ujenzi wetu. Mtu ananunua kiwanja kidogo, anachimba mawe ya lava, anayatumia kwenye msingi, halafu lile shimo lililobakia analiezeka mabati na kulipangisha kwa etidia wa mwaka wa kwanza kutoka Butembo ao Beni ambaye hajui kuuliza. Bei inakuwa nzuri, kweli. Sisemi bayeri wako, mwenye nyumba, ni mtu mbaya, labda yeye mwenyewe hajui, alilala hapo jua likiwaka. Lakini chumba cha kushuka ngazi tatu ambacho ukuta wa nyuma umegusa jabali, mimi sitalaza hata mbuzi bila kupima.

Kuhusu kupima, najua utaenda kuuliza na mtu atakuambia washa mshumaa, uweke chini, ukizimika kuna mazuku, ukiwaka lala salama. Nusu ya kwanza ni kweli: ukizimika, toka mbio. Nusu ya pili imeshaua watu. Mshumaa unaendelea kuwaka vizuri kwenye kiwango cha CO2 ambacho tayari kinakuumiza kichwa, unasubiri mpaka hali ikuwe mbaya sana njo uzimike. Na kwa CO ya makala mshumaa hauna kazi yoyote, utawaka mpaka kesho na wewe umeshapoa. Kwa hiyo mshumaa unaoendelea kuwaka haujakuambia kitu.

Kipimo changu cha bure ni hiki: lala fasi nyingine usiku kama tano hivi, chumba cha juu ya udongo, dirisha wazi kidogo, bila mbabula ndani. Kichwa kikipotea kabisa, tatizo ni chumba ao ni makala ya mule chumbani. Kikiendelea hata kule, basi gesi haina kosa, nenda hospitali wakupime malaria, presha, na macho pia, etidia wengi wanahitaji miwani na hawajui. Wakati huo wa siku tano rudi mchana na mtu mwingine, mlango wazi, muangalie chini kwenye pembe kama kuna mijusi, panya ao mende waliokufa bila sababu. Uliza majirani kama kuku wamekufa ao kama mpangaji aliyekutangulia aliondoka haraka. Majirani wanajua, hawasemi mpaka uwaulize.

Halafu enda OVG, ni ofisi ya kuchunguza volkano hapa mjini, ueleze mahali na saa. Wako na vifaa vya kupima gesi, na ni kazi yao kusikia maswali kama haya. Enda na shefu wa avenue kama unaweza, juu siku utakapodai garanti yako, ile pesa uliyoweka mbele, ni yeye atakayesimama katikati yenu, na bayeri anaongea lugha nyingine akiona kiongozi. Usikubali dawa ya bayeri ya kutoboa dirisha jipya juu. Kwa makala dirisha linasaidia sana, lakini kwa gesi nzito iliyokaa chini, chumba kikiwa kwenye shimo, hata tundu la chini halitasaidia, litaiingiza. Kupandisha kitanda kunapunguza tu, usiku mmoja gesi itapanda kupita kitanda. Kwa chumba cha namna hiyo dawa ni kuhama, najua ni maneno rahisi kwangu mimi nisiyelipa garanti mara mbili.

Ukianza kutapika, kuchanganyikiwa, ao mwenzako haamki vizuri, hapo si kungojea asubuhi. Tokeni nje kwanza, pandeni pikipiki mpaka hospitali, muwaambie neno "makala" ao neno "mazuku" mkifika, juu wasipojua watawapa kwinini tu na wakati mtu anahitaji oksijeni. Na ukiona mtu ameanguka kwenye shimo la mazuku, usishuke kumbeba. Wengi wanakufa wawili wawili na watatu watatu kwa ajili hiyo, wa kwanza alianguka, wa pili alikuwa ndugu yake. Kamba, fimbo ndefu, piga kelele, na kama hakuna kitu cha kumvutia, hata moyo ukiuma kiasi gani, bakia juu.

Sasa ziwa.

Mama hajadanganywa kuhusu Kameruni. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 ziwa Nyos lilitapika CO2, wingu likashuka mabondeni likaua watu zaidi ya 1,700, wengine walikuwa mbali na ziwa kilomita 25. Miaka miwili kabla ya hapo, 1984, ziwa Monoun hukohuko Kameruni lilikuwa limeua 37. Na ni kweli Kivu ni wa familia ileile, tena ni mkubwa zaidi kabisa: ndani mule kuna CO2 kama kilomita za mchemraba 300 na methani, gesi inayowaka, kama 60, na pembeni yake tunaishi watu zaidi ya milioni 2. Anayesema hakuna hatari kabisa anauza kitu.

Lakini video haikumweleza mama jinsi inavyofanya kazi. Gesi inakaa kwenye maji kwa sababu ya uzito wa maji yaliyo juu yake, kama chupa ya bia ya Primus ambayo haijafunguliwa. Kivu inafika mita 485 kwenda chini, na gesi nyingi imefungwa kuanzia mita 260 hivi kushuka. Maji ya chini yana chumvi zaidi kupita ya juu, ni mazito, kwa hiyo hayapandi. Upepo wa kiangazi, wa mwezi wa sita mpaka wa nane, unachanganya maji ya juu tu, mita kama 60, kule chini haufiki. Ili ziwa lipasuke lazima maji ya chini yajazwe gesi mpaka yasiweze kubeba tena, ao kitu kikubwa sana kiyasukume juu mpaka fasi ambayo yatashindwa kuishika. Nyos ilikuwa imejaa karibu na kikomo. Kivu iko karibu nusu tu ya kile inachoweza kubeba. Na watafiti waliopima mwaka 2018 hawakukuta methani imeongezeka kwa mbio ile iliyokuwa imeogopesha watu miaka ya nyuma.

Na ziwa letu limeshajaribiwa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilikata Goma katikati ikaingia ziwani, watu waliiona na macho yao, maji yakatoa mvuke, na kule chini kwenye gesi hakukutikisika kitu. Mwezi wa tano 2021 tena, lava iliishia karibu ya uwanja wa ndege lakini udongo uliendelea kutetemeka siku nyingi, moto ulikuwa unatembea chini yetu kuelekea ziwani, serikali ikatoa amri sehemu kubwa ya mji iondoke, watu wakakimbilia Sake, Minova, Gisenyi, Bukavu. Ziwa likabaki limetulia. Hiyo si ahadi ya milele, ila si kitu kidogo. Fasi ambayo wataalamu wanaikazia macho zaidi ni ghuba la Kabuno upande wa Sake, kule gesi inaanzia karibu sana na juu ya maji. Na gesi yenyewe inapunguzwa: upande wa Rwanda, Gisenyi walianza kuchota methani tangu 1963 kuchemshia pombe kiwandani, na tangu 2016 mtambo wa KivuWatt huko Karongi unatoa umeme wa megawati 26 nayo. Mama anaweza kucheka akisikia wenzetu wanapikia kile anachokiogopa.

Kinachonihangaisha mimi zaidi ya gesi ya chini ni volkano yenyewe, juu 2021 haikutupigia hodi, jioni mtu alikuwa anakunywa chai, usiku anabeba godoro. Kama unabakia Goma, diploma yako ya Serikali na karatasi zote ziwe kwenye mfuko mmoja karibu ya mlango, na kopi kwa mama Butembo.

Kuhusu gesi inayokamata watu miguu, hapana. Maji ya juu mnamooga hayana gesi ya kumfanya mtu kitu. Kinachowazamisha ni pwani yetu yenyewe. Ni lava iliyoganda, unatembea maji yako kifuani, mawe chini ya miguu, hatua moja inayofuata hakuna kitu, ukingo umekatika na kule ni kirefu palepale. Mtu asiyejua kuogelea anaenda chini wima, kwa aliye pembeni inaonekana kama amevutwa. Ongeza Primus mbili za mchana, ongeza mawimbi ya saa tisa, ongeza wenzake ishirini wanaopiga selfi. Na mtu anayezama hapigi kelele kama kwenye filamu, kinywa kinaingia maji kinatoka, mikono inapiga maji pembeni, dakika moja ao mbili imeisha. Wewe unayechunga manguo njo uko na kazi kubwa kuliko wote: hesabu vichwa. Na uwe na bidoni (dumu) ya manjano ya lita 20, tupu, kifuniko kimekazwa, na kamba kwenye mkono wake. Bidoni ile inabeba karibu kilo 20 ndani ya maji, na kichwa cha mtu kubakia juu kinahitaji kama kilo tano tu. Mtupie, usimfuate, aliyeshikwa na woga atakupanda kichwani hata kama ni rafiki wa damu. Kisha jifunze kuogelea, na mtu anayejua, fasi ambayo maji hayapiti kiuno, utachunga manguo mpaka lini. Tena msiende alfajiri kwenye vile vighuba vya chini vilivyojificha upepo, mazuku inaweza kukaa hata pale kwenye mchanga ukingoni.

Watu wanasema ziwa linakula. Mashua Merdi ilizama tarehe 3 Oktoba 2024 ikitoka Minova, watu wa bandari la Kituku hapa Goma wakiiangalia, ilikuwa imefika tayari. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na watu walipanda vile kwa sababu barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita. Gesi haikuingia hapo.

Na maji ya kunywa, kwa kifupi: mji umekaa juu ya lava, mvua inapita ndani yake na kupotea, hakuna mto, kwa hiyo tunakunywa ziwa. Kolera haiondokaki kabisa kwenye pwani hii, na mwaka 1994 iliua wakimbizi maelfu kwa maelfu kwa majuma machache. Bidoni ya ziwani itiwe klorini, usubiri nusu saa, njo unywe. Ukiwa unaoga usimeze. Bilhazia pia wanasemaga Kivu haina, lakini kisiwani Nkombo upande wa Rwanda wameikuta, kwa hiyo ukikaa na tumbo la damu usijitibie farmasi, omba wapime choo.

Butembo kuna univesite nzuri, hali ya hewa nzuri, na mama yuko karibu, hizo ni sababu za kweli za kwenda na sitazicheka. Ila kuhama katikati ya mwaka ni frais (pesa za masomo) zilizopotea, na mara nyingi ni mwaka wote, na hakuna anayekuhakikishia kule watakubali kredi zako. Mimi nisingehama kwa ajili ya ziwa. Chumba ningekihama wiki hii, hata kama kipya ni mbali na ziwa na ni pikipiki mbili mpaka darasani na bei inauma. Ukiongea na mama usimfiche habari ya kichwa, mwambie hiyo kwanza kabla ya Kameruni, labda ndiyo itakayofanya akutumie ile pesa ya garanti.

Niandikie ukishalala kwingine siku zile. Unieleze mbabula inakaa wapi usiku, na ukuta wa nyuma umegusa jabali ao hapana, nitajua tena la kukuambia.